Fedha za UVIKO zilijenga madarasa, mwalo wetu bado hauna maji. Tumdai nani?

*"Shikamoo. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wauza dagaa kwenye mwalo mmoja wa kushushia samaki huku mkoani Kigoma. Wakati wa korona halmashauri ilituletea ndoo za kunawia, tukaambiwa tuvae barakoa na tusisongamane. Biashara ikaanguka, wateja wa Kongo hawakuvuka, na mkopo wa halmashauri tulikuwa tumeshauchukua. Baadaye tukasikia zimekuja fedha nyingi za UVIKO. Madarasa mapya tumeyaona, mazuri kweli, lakini sisi hatukupata hata shilingi. Ndoo zote zimekufa, koki zimeng'oka, choo ni kilekile, na ushuru tunalipa kila siku. Wengine wanasema fedha yetu imeliwa. Wengine wanasema deni letu lilifutwa kwa sababu ya korona ila tunafichwa. Na kila mara tunasikia kipindupindu, mara Marburg, mara Mpox. Je, halmashauri ilitakiwa itufanyie nini, na sasa tunaweza kudai nini bila kuonekana wakorofi?"*

Marahaba. Swali lako lina mambo kadhaa yaliyofungwa kwenye furushi moja. Tukiyafungua, hasira yenu haitaisha, ila angalau itajua pa kwenda. Nimefanya kazi ya mipango kwenye halmashauri kwa muda mrefu, kwa hiyo nitakueleza jinsi fedha inavyotembea humo ndani, hata pale ambapo maelezo hayatakufurahisha.

Tuanze na hizo fedha nyingi. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha kuipa Tanzania mkopo wa dola milioni 567.25, ambazo kwa fedha yetu ni kama shilingi trilioni 1.3. Tarehe 10 Oktoba mwaka huohuo Rais Samia akauzindua mpango wake pale Dodoma. Fedha hizo hazikuletwa kwenye halmashauri kama mfuko wa kugawa. Zilikuja zikiwa na majina tayari: afya, elimu, maji, utalii, na sehemu ndogo kwa kaya maskini na wamachinga. Upande wa elimu yalipangwa madarasa 15,000, yaani 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi, yaani matawi, vya shule za msingi, kila darasa shilingi milioni 20. Fedha ya namna hiyo inaitwa fedha yenye maelekezo. Mkurugenzi akiichukua milioni 20 ya darasa akajenga choo cha mwalo, hata kama choo kitakuwa kizuri na risiti zote zipo, mkaguzi atamwandikia hoja na ataitwa kujieleza.

Kwa hiyo kutokupata kwenu si ushahidi kwamba fedha ililiwa. Hiyo ndiyo dhana ya kwanza ya kuiweka kando. Sisemi kwamba hakuna aliyekula popote. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu hukagua halmashauri zote kila mwaka, na ripoti zake ziko wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma. Ninachosema ni kwamba mkisimama mkutanoni na kudai "fedha yetu ya UVIKO", mtajibiwa kwa sentensi moja na mtakaa chini. Haikuwa yenu kwenye karatasi. Mna madai mengine yenye nguvu zaidi, nitayafikia.

Utauliza, darasa linahusianaje na ugonjwa wa mapafu? Hoja ilikuwa msongamano: watoto themanini chumba kimoja ni hatari kwa ugonjwa unaoenea kwa hewa. Ni hoja ya kweli. Lakini kwa maoni yangu madarasa yale yalikuwa yanajibu tatizo la zamani kuliko korona yenyewe. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 watoto walifurika na vyumba havikutosha. Korona ilifungua mlango wa fedha, serikali ikapitisha mzigo uliokuwa unasubiri. Siilaumu. Januari 2022 watoto waliofaulu darasa la saba waliingia kidato cha kwanza kwa pamoja bila kungoja chaguo la pili, na hilo wazazi wa huko kwenu wanalijua. Isitoshe, ujenzi ulifanywa kwa force akaunti, yaani bila mkandarasi, fundi wa hapohapo, mchanga wa hapohapo, hivyo fedha kiasi ilizunguka mitaani. Ilipita tu mbali na meza za dagaa.

Na kwa nini ilipita mbali? Mwalo hauna mwenyewe. Samaki ni wa sekta ya uvuvi, maji ni ya mamlaka ya maji, choo ni cha halmashauri, kipindupindu ni cha mganga mkuu, ulinzi wa rasilimali ni wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, na ushuru ni wa mweka hazina. Shule ina mwalimu mkuu anayeandika barua moja akasikika. Zahanati ina mganga mfawidhi, na tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha ya vituo vya afya inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Ninyi mna wadai sita na mtetezi hata mmoja hamna. Fedha inayokuja kwa sekta ikifika hapo inateleza.

Sasa zile ndoo. Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo kosa kubwa lilipofanyika, na si kosa la halmashauri yenu peke yake.

Korona huenea hasa kwa hewa: mtu anapumua, anaongea, anakohoa, na mwenzake aliye karibu anavuta. Hatari huwa kubwa chumba kikiwa kimefungwa. Kunawa mikono kunasaidia, ila si ngao kuu. Akina mama wanaoanika dagaa kwenye vichanja, upepo wa ziwa unapiga, walikuwa mahali salama kuliko wale tuliokuwa tumejifungia kwenye ukumbi tukipanga namna ya kuwaokoa. Ndoo na sabuni zina kazi kubwa zaidi kwenye kipindupindu na magonjwa ya kuhara, na zinasaidia pia kwenye Mpox, inayoambukizwa zaidi kwa kugusana ngozi. Yaani kile kifaa kilicholetwa kwa ajili ya korona na kuachwa kife baada ya korona ndicho mlichokihitaji kabla yake na mnachokihitaji leo.

Halafu kuna hesabu ambayo hakuna aliyekaa kuipiga. Chukua mwalo wenye watu 500 kwa siku, wavuvi, wachukuzi, wauzaji na wanunuzi. Kila mmoja anawe mara mbili tu, nusu lita kila mara. Ni lita 500, sawa na ndoo 25 za lita ishirini. Nani anazibeba, asubuhi na mchana? Kutoka wapi? Bili ya maji ni ya nani? Koki ya plastiki inayofunguliwa mara elfu kwa siku, mikono mingine ina magamba na mchanga, hailegei baada ya muda gani? Nimewahi kushika ndoo za aina hiyo kwenye soko moja: koki imezungushiwa kipande cha mfuko wa nailoni kuzuia mvujo, kipande cha sabuni kimefungwa kwa kamba ya katani ili kisiibiwe, na chini dimbwi la tope ambalo mtu inabidi aliruke ili anawe. Wiki chache zilizofuata ndoo yenyewe ilikuwa kwa mama lishe inahifadhi maji ya kuoshea vyombo. Simlaumu mama lishe.

Kununua ndoo ni tukio la siku moja, lina picha na mgeni rasmi. Kuiendesha ni fungu la kila mwezi. Fedha ya dharura inanunua. Fedha ya kuendesha haina budi itoke kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, yaani ushuru wenu, leseni, na ushuru wa huduma ambao wafanyabiashara hutozwa kwa mauzo yao. Na mapato hayo yalianguka wakati uleule mlipoyahitaji. Nchi yetu haikufunga masoko, lakini Machi 2020 Kongo ilitangaza hali ya dharura na kufunga mipaka kwa abiria. Mfanyabiashara wa Kalemie asipovuka, gunia halinunuliwi. Gunia lisiponunuliwa, ushuru haukatwi. Ushuru usipokatwa, bwana afya hapati mafuta ya pikipiki. Ninyi na halmashauri mnakula chungu kimoja, ingawa haisemwi hivyo siku ya kudai ushuru.

Kuna jambo lingine lililochangia, nalo lisemwe bila kumung'unya maneno. Baada ya Mei 2020 takwimu za wagonjwa nchini hazikutangazwa tena kwa takriban mwaka mzima. Jiweke kwenye kiti cha afisa afya wa wilaya: unaandikaje andiko la kuomba fedha za ugonjwa ambao rasmi haupo? Mambo yalibadilika mwaka 2021; kamati ya wataalamu iliundwa, na tarehe 28 Julai chanjo ikazinduliwa. Lakini ndoo nyingi zilikuwa zimeshakufa katika kile kipindi cha kimya, na hakuna aliyerudi kuzihesabu.

Uliuliza halmashauri ilitakiwa ifanye nini. Kwa mamlaka iliyokuwa nayo, ilitakiwa itoe elimu ya afya, ifuatilie wagonjwa, iandae mahali pa kuwatenga, ihakikishe maji na vyoo kwenye mikusanyiko, kisha ikae na makundi yanayoilipa ushuru na kuuliza biashara imeumia kiasi gani. Ya mwanzo yalifanyika kwa viwango tofauti. Hilo la mwisho ndilo silisikii likitajwa karibu popote, na halikuhitaji dola za mkopo. Lilihitaji kikao.

Mkoa wenu hauna kisingizio cha kutojua magonjwa ya mlipuko. Mei 2015 wakimbizi kutoka Burundi walifurika Kagunga, kijiji kidogo ambacho kimebanwa kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kikaingia. Watu kama 3,000 walikuwa wameugua na 31 wamekufa kufikia tarehe 22 ya mwezi huo. Meli ya MV Liemba ilivusha watu hadi Kigoma mjini, wakapokelewa uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Walipotolewa kwenye msongamano wakapata maji safi, vyoo na matibabu, wagonjwa wapya walipungua ndani ya wiki chache. Halmashauri inayotaka kujiandaa kwa janga lijalo ina somo hilo nyumbani kwake. Na majirani hawakupi usingizi: Marburg ilithibitishwa Kagera mwaka 2023 na tena 2025, na Mpox ilienea Burundi na Kongo mwaka 2024 kabla ya kuthibitishwa kwetu Machi 2025.

Basi mdai nini?

Njia ninayoiamini ni ya bajeti, ingawa ni ya polepole. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini mambo huamuliwa mapema mno kuliko watu wanavyodhani. Baraza la Madiwani kwa kawaida linapitisha bajeti kwenye Februari hivi, na kabla ya hapo mapendekezo yanapanda kutoka mkutano wa kijiji au mtaa kwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata. Kikundi kinachokwenda kulia kwa diwani mwezi Mei kimechelewa mwaka mzima. Nendeni kati ya Oktoba na Desemba, na hakikisheni hoja yenu imeandikwa kwenye muhtasari wa mkutano. Mtendaji akisema "tumeipokea", muombe awasomee ilivyoandikwa.

Na msidai jengo. Kila mtu anadai jengo. Andikeni kitu kama hiki: "Tunaomba kwenye bajeti ijayo litengwe fungu la kila mwezi la bili ya maji ya mwalo, la mfanyakazi mmoja wa usafi wa choo, na la kubadilisha koki na mabomba, litokane na ushuru unaokusanywa hapahapa mwaloni." Ambatisheni makadirio yenu ya ushuru wa wiki moja kwa kuhesabu magunia. Hesabu hiyo mnaweza kuifanya wenyewe, mnakaa hapo kutwa. Diwani akisimama na karatasi inayosema mwalo unaingiza kiasi hiki na unarudishiwa sifuri, mweka hazina hawezi kumjibu kwa methali.

Njia ya pili ni kuchangishana, kiasi kidogo kwa kila gunia, mkaweka tenki na bomba lenu. Faida yake ni kwamba maji mtayapata mapema, kabla mvua hazijaleta kipindupindu. Hasara yake naijua vizuri: mkishaanza kujilipia, halmashauri inahesabu tatizo limekwisha, nanyi mnalipa mara mbili, ushuru na mchango. Kama hali ni mbaya, fanyeni, lakini muandikiane na ofisi ya kijiji au mtaa kwamba ni hatua ya muda, na mjulishe mkurugenzi kwa nakala.

Kwenda redioni au kwenye mitandao kunaleta majibu ya haraka na mgeni wa kuja kupiga picha. Ndoo nyingine zitakuja. Ningeiweka akiba.

Kuhusu ukorofi: vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa wananchi kusikiliza, na taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji au mtaa inatakiwa isomwe mkutanoni na kubandikwa ubaoni. Kuiuliza ni haki, si fujo. Kwa taarifa yako, mwaka 2016 Manispaa ya Kigoma/Ujiji ilichaguliwa kuwa miongoni mwa serikali 15 za ngazi ya chini duniani za kujaribu mpango wa uwazi serikalini. Mwaka uliofuata nchi ikajitoa na jambo lenyewe likaishia hapo. Kwa hiyo wazo kwamba wananchi wa Kigoma waikague halmashauri yao si geni wala si la wapinzani.

Mambo mawili yasingoje kikao chochote. Mtu akianza kuharisha maji meupe kama ya kuosha mchele, anzeni kumpa maji ya ORS papo hapo na mpelekeni kituo cha afya saa hiyohiyo. Kipindupindu kinaweza kumuua mtu mzima ndani ya saa chache kwa kumkausha maji. Na mtu mwenye homa kali anayetapika au kutoka damu, au mwenye homa na upele wa malengelenge, hasa aliyetoka safari, asiguswe mikono mitupu wala asifichwe nyumbani. Pigeni 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, au mwiteni mhudumu wa afya wa eneo lenu.

Nimalizie na mkopo, maana hapo mnaweza kuumia msipoelewa. Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, haina riba, lakini ni deni. Korona haikulifuta. Kufuta deni la fedha ya umma kuna ngazi zake. Halifutwi kwa neno la mtu mmoja ofisini. Nadhani uvumi huo umezaliwa Aprili 2023, serikali iliposimamisha mikopo hiyo ili kupanga upya utaratibu, kabla ya kuirudisha mwaka 2024. Kilichosimamishwa kilikuwa kutoa mikopo mipya. Marejesho ya zamani yaliendelea kudaiwa, na kikundi kilichoacha kulipa kwa kudhani kimesamehewa kitakuta jina lake bado kwenye orodha kitakapoomba tena. Kama mko ndani ya Manispaa ya Kigoma/Ujiji mjue pia kwamba manispaa hiyo ilikuwa kati ya halmashauri kumi zilizochaguliwa kujaribu utaratibu mpya wa mikopo kupitia benki. Wa halmashauri nyingine za mkoa wanaendelea na ofisi ya maendeleo ya jamii.

Nendeni ana kwa ana, mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Ombeni taarifa ya marejesho ya kikundi na mlinganishe na risiti zenu. Malipo yaliyofanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali (control number) yataonekana. Yaliyokabidhiwa mkononi mwa mtu bila risiti huenda yasionekane, na hapo si suala la korona tena. Liandikieni barua kwa mkurugenzi, na msiposikilizwa TAKUKURU wanapatikana kwa 113 bila malipo.

Salio likithibitika, ombeni ratiba mpya. Elezeni lini biashara ilisimama, na muwakumbushe pia kwamba mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa hiyo rejesho la kila mwezi linalolingana mwaka mzima haliendani na kazi ya dagaa. Pendekezeni wenyewe miezi ya kulipa zaidi na miezi ya kulipa kidogo. Wanaweza kukataa, siwafichi. Sheria haiwalazimishi kuwapunguzia. Wakikataa kwa mdomo, ombeni jibu kwa maandishi, maana hiyo barua ndiyo mtakayoipeleka kwa mkurugenzi.